Koili haijui kushiba: Somo nililolipia kwa ndoo iliyoyeyuka Ayany

Kama unakaa Nairobi na keja yako haina shawa ya maji moto, basi tunajuana hata kama hatujawahi kuonana. Tunajuana kwa koili. Ile ya kutumbukiza kwa ndoo, inayouzwa kando ya barabara ikiwa imening'inia pamoja na chaja, ekstenisheni na rimoti za televisheni. Ukijua kupatana bei unaondoka nayo kwa pesa ya chakula cha mchana. Unaitumbukiza, unawasha soketi, unarudi chini ya blanketi kidogo, na asubuhi ya Julai inavumilika.

Mimi nilikuwa na yangu kwa karibu mwaka mzima. Naishi Ayany, kwa vile vyumba vilivyoongezwa nyuma ya nyumba za mawe. Ploti yetu ina milango tisa na mita za tokeni zimepangwa ukutani kama picha za familia. Nilisomea uhandisi wa umeme chuoni hadi katikati ya mwaka wa pili, halafu karo ikakataa kuelewana na mfuko wa nyumbani, nikatoka. Sitaji hilo ili unionee huruma. Nalitaja kwa sababu mtu aliyesoma mkondo, volti na ukinzani mpaka akafanyia mtihani hakupaswa kufanya nilichofanya.

Asubuhi hiyo stima ilipotea saa kumi na mbili na robo. Maji yalikuwa bado vuguvugu. Nikasema potelea mbali, nikachota nusu ya ndoo, nikaoga haraka haraka kwa mwanga wa simu, nikavaa, nikafunga kufuli na kukimbilia matatu ya nambari 8. Nilikuwa na kibarua mjini na mwenye kazi si mtu wa kungoja.

Koili niliiacha ndani ya ndoo. Soketi niliiacha imewashwa. Si unajua kwenye giza swichi iliyowashwa na iliyozimwa zinafanana?

Stima ilirudi kabla ya saa tatu. Sasa fikiria: ndoo ina nusu ya maji, kwa hivyo sehemu ya juu ya koili iko hewani, imeegemea plastiki. Haikuchukua muda. Ndoo ilianza kulainika ubavuni, ikapasuka, maji yakamwagika, koili ikaanguka kwenye kipande cha kapeti ikiwa nyekundu kama kaa la jiko.

Kati ya chumba changu na cha jirani kuna ukuta wa mbao na mabati. Upande wa pili wa mbao hizo, siku hiyo, alikuwa amelala mtoto wa miezi minne.

Mama yake ndiye aliyesikia harufu. Alipiga nduru, msimamizi wa ploti akavunja kufuli langu kwa jiwe, akazima swichi kubwa. Kisha simu yangu ikalia nikiwa katikati ya kazi. "Kijana wangu," mama huyo akaniambia, "nyumba haijaungua. Lakini rudi."

Nilirudi. Kapeti lilikuwa na shimo jeusi la ukubwa wa sahani. Ubao mmoja wa ukuta ulikuwa umebabuka urefu wa mkono wangu. Nilisimama pale nikiangalia ule ubao na sikuwa na la kusema.

Mbona fyuzi haikukata?

Jioni hiyo aliitwa fundi wa stima kutoka upande wa Olympic, mzee ambaye ameunganisha nusu ya ploti za hapa. Swali langu la kwanza lilikuwa la mtu anayetafuta wa kumlaumu. "Fundi, mbona fyuzi haikukata? Mbona breka haikuanguka?"

Alicheka kidogo. "Ingekatia nini? Koili ilikuwa inakula stima ile ile. Ikiwa kwa maji, ikiwa kwa hewa, yenyewe haioni tofauti. Koili haijui kushiba."

Hebu tulia hapo kidogo, kwa sababu hiki ndicho kitu ambacho wengi wetu hatujui. Koili ya wati 1,000 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta mkondo wa karibu ampia 4. Ikiwa ndani ya maji inavuta 4. Ikiwa hewani, nyekundu, ikikaribia kuchoma nyumba, bado inavuta karibu 4. Fyuzi ya plagi kwa kawaida ni ya ampia 13. Kwake yeye hakuna shida yoyote. Fyuzi inahesabu mkondo, haihesabu joto. Haijui ndoo imekauka, haijui kapeti linaungua, haijui kuna mtoto.

Kwa hivyo kama ulikuwa unalala ukijiambia breka itakulinda na koili kavu, amka. Breka inakulinda nyaya zikigusana au ukizidisha mzigo. Joto lisilo na pa kwenda halimhusu.

Waya unaojua kusema basi

Nilimtumia binamu yangu picha ya ule ubao. Yuko Minnesota, kule Marekani ambako Wakenya wengi wamehamia, na anafanya kazi ya ukarabati kwa majengo ya kukodisha. Nilidhani atanipa pole. Akanitumia video.

Kwenye video kuna waya mweusi, bapa, umelazwa kando ya bomba la maji kwenye chumba cha chini ya nyumba. "Buda, huu waya una joto kila mahali panapohitaji joto," anasema. "Pakipata moto, wenyewe unapunguza. Koili yako ingekuwa na akili hii, ndoo yako ingekuwa hai."

Kule kwao baridi ya Januari hushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba halina pa kuyaweka, linapasuka. Ndiyo maana wanalaza nyaya za kupasha joto kando ya mabomba na kwenye mifereji ya paa. Ule wa binamu yangu ni wa aina inayojidhibiti, teknolojia ambayo kampuni ya Raychem ya California iliingiza sokoni miaka ya 1970.

Unafanya kazi hivi. Ndani ya waya kuna nyuzi mbili za shaba zinazokwenda sambamba toka mwanzo hadi mwisho. Katikati yake kuna plastiki maalum iliyochanganywa na chembe za kaboni. Stima inatoka kwa uzi mmoja kwenda kwa mwingine ikipitia hizo chembe, na kupita huko ndiko kunakoleta joto.

Sasa kumbuka msimu wa mvua huku kwetu, njia ikiwa tope tupu, na watu wamepanga mawe ya kukanyagia. Mawe yakikaribiana, unavuka bila kuchafua viatu. Mtu akiyasogeza yakaachana, unabaki upande huu ukitazama. Chembe za kaboni ni yale mawe. Waya ukiwa baridi, plastiki imejikunyata, chembe zinagusana, stima inapita kwa wingi na joto linapanda. Plastiki ikipata moto inavimba, chembe zinaachana, njia zinakatika moja baada ya nyingine, ukinzani unapanda na joto linapungua.

Na uzuri ni kwamba kila sehemu ya waya inajiamulia yenyewe. Mita moja inayopita mahali penye baridi inafanya kazi kwa nguvu, mita inayofuata iliyo karibu na jiko inapumzika. Hakuna kompyuta, hakuna sensa. Ni plastiki na kaboni tu.

Usidhani pia ni mambo ya ng'ambo. Kile kidude cha kufukuza mbu unachochomeka kwa soketi, chenye kichupa cha dawa? Bunduki ya gundi anayotumia mtu wa kutengeneza mapambo? Nyingi zina kipande cha kauri chenye tabia hiyo hiyo: kikifika joto lake, kinapunguza stima chenyewe. Ndiyo maana kidude cha mbu kinakaa usiku kucha bila kuwaka moto. Koili yako haina kitu kama hicho. Ina waya wa chuma ndani ya bomba, basi.

Hata mwenye akili hufa

Nilipoelewa hivyo nikamwambia binamu yangu: kumbe huo waya wenu ni wa maisha. Akakataa. Anabadilisha nyaya zilizokufa kila msimu wa baridi, na karibu zote, anasema, ziliuawa na watu.

Kwanza, maji. Mwisho wa waya usipofungwa vizuri, unyevu unaingia, na hapo stima inavuja au zile nyuzi mbili zinapata njia ya kugusana. Kuna watu hata huunganisha zile nyuzi mbili za mwisho wakidhani ndiyo namna ya kumaliza kazi. Hiyo ni shoti ya moja kwa moja.

Pili, joto la nje. Kujidhibiti kunazuia waya kujichoma wenyewe. Hakuzuii wewe kuuweka mahali palipo moto kuliko unavyoweza kuvumilia. Aina ya kawaida ya mabomba ya nyumbani imetengenezewa kazi isiyopita nyuzi 65 hivi. Uulaze kwa bomba la mvuke na ile plastiki inaharibika. Hautarudi kuwa kama zamani.

Tatu, kuwashwa bila kupumzika. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Waya unaojidhibiti unapunguza stima, lakini haufiki sifuri. Ukiuacha umewashwa Agosti, wakati wa jua kali kule kwao, utaendelea kula kidogo kidogo na kuzeeka bure. Tena kila unapowashwa ukiwa baridi sana, unavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi kabla ya kutulia. Fundi mzuri anaweka themostati: joto la nje likishuka linawashwa, likipanda linazimwa.

Nne, na hii ndiyo iliyonigusa: bomba lisilofunikwa. Ukilaza waya kwenye bomba lililo wazi, unapasha joto hewa ya dunia nzima. Funika bomba kwa sponji ya kuhifadhi joto na waya ule ule unafanya kazi kidogo, unakula stima kidogo, unaishi zaidi. Ukitaka joto lisambae sawasawa, unaubandika kwa utepe wa alumini badala ya kuuacha uguse bomba sehemu mbili tatu tu.

Hata wakubwa wanafuata sheria hiyo. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, limepangwa kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga, kilomita 1,443. Mradi huo una mabishano yake makubwa ya ardhi na mazingira, na hayo yana siku yake. Lakini mafuta yale yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda kama mafuta ya kupikia wakati wa baridi, kwa hivyo lazima yakae kwenye nyuzi 50 au zaidi njia yote. Wahandisi walifanyaje? Waliweka nyaya za kupasha joto, ndiyo. Lakini bomba lenyewe limevishwa tabaka nene la povu la kuzuia joto lisitoroke. Kwa umbali mrefu hivyo aina ya waya inabadilika, somo halibadiliki: blanketi kwanza, stima baadaye.

Sasa turudi Ayany

Hatuna mabomba yanayoganda. Baridi yetu kali ya Julai ni ya nyuzi kama 10 alfajiri, ya kukufanya uchukie kazi tu. Lakini sheria za ule waya ni zile zile za koili yako na shawa ya umeme. Tofauti ni kwamba waya una akili yake, na koili inatumia yako. Ukiwa huna, ni noma.

Anza na tokeni. Watu huuliza koili gani inakula kidogo. Ukweli ni kwamba koili karibu zote hugeuza stima yote kuwa joto. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 40 kunahitaji karibu nusu uniti, uwe na koili ya wati 1,000 au 2,000. Kubwa inamaliza haraka, ndogo inachukua kama nusu saa, tokeni ni zile zile. Hakuna koili ya miujiza.

Unachoweza kubadilisha ni mambo mawili. Moja, kiasi cha maji. Lita 10 zilizopashwa zinakula karibu robo uniti, na ukiwa na kopo unaoga vizuri tu. Mbili, mfuniko. Ndoo iliyo wazi kwenye chumba baridi inapoteza joto juu wakati wewe unaongeza chini. Ukishazima na kuchomoa, funika. Usisubiri maji yachemke halafu uyapooze kwa maji baridi. Pasha mpaka yafike unapotaka, zima.

Linganisha na shawa ya papo kwa papo. Nyingi ni za wati 5,500 hivi. Dakika tano ni karibu nusu uniti, dakika kumi ni karibu uniti nzima. Ukiimba nyimbo tatu chini ya shawa umekula stima ya ndoo mbili za lita 20. Na kama unalalamika kwamba maji yanatoka kama machozi, hesabu ndiyo hiyo: wati 5,500 zinaweza kupandisha lita 4 hivi kwa dakika kwa nyuzi 20. Ukifungua maji zaidi, yatatoka baridi. Shawa haina makosa.

Kuna wenzetu ambao wanasema koili yao ni bovu kwa sababu usiku inachelewa. Mara nyingi mbovu si koili. Jioni kila mtu akiwasha, volti hushuka, hasa mwisho wa laini na kwa stima ya sambaza. Nguvu ya koili hushuka haraka kuliko volti yenyewe: volti zikiwa 180 badala ya 240, koili ya wati 1,000 inafanya kazi kama ya 560 hivi. Maji yale yale yatachukua karibu mara mbili ya muda. Usikimbie kununua kubwa zaidi. Ukiiongeza kwa waya mwembamba ule ule, unaongeza joto mahali usipopaona.

Mahali usipopaona

Yule fundi wa Olympic hakutoka bila kufungua soketi yangu. Ndani, waya mmoja ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake na plastiki pembeni ilikuwa imegeuka kahawia. "Hii ilikuwa inakungoja," akasema.

Kiungo kilicholegea ni koili ndogo usiyoinunua. Chukua shawa inayovuta ampia 23. Kiungo kikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu tu, pale patatoa joto la wati 50 na zaidi. Hilo ni joto la chuma cha kulehemu cha fundi wa simu, limejificha nyuma ya ukuta wako, mahali padogo kama kichwa cha msumari, kila unapooga. Shawa nyingi zinazosemwa zimekufa hazijafa. Kiungo ndicho kimeungua.

Kwa hivyo, kama una shawa, uliza maswali kabla ya kulipa deposit ya nyumba. Ina laini yake yenyewe kutoka kwa breka, au imepachikwa kwa laini ya soketi? Ina ile swichi yake kubwa yenye kitaa chekundu? Waya wake ni mnene, milimita 4 za mraba au, bora zaidi, 6? Waya wa erthi, ule wa kijani na njano, umeunganishwa au umekatwa na kufichwa? Kama mwenye nyumba anaweza kuweka kile kifaa kinachokata stima kikihisi miliampia 30 zinavuja, mshawishi. Gawaneni gharama kama ploti. Nyaya za kupasha joto za kule kwa binamu yangu hulindwa hivyo hivyo, na zenyewe hazigusi mtu. Wewe unasimama chini ya shawa ukiwa umelowa.

Maji ya borehole nayo yana kesi yake. Shawa nyingine zimetengenezewa maji ya chumvi na nyingine hapana, imeandikwa kwa boksi. Ukiweka isiyofaa, elementi inaliwa mapema. Kwa koili, ule utando mweupe unaojishika ni blanketi mahali pasipofaa. Joto linashindwa kutoka, elementi inazidi kupata moto ndani, na siku moja inakatika. Iloweke kwa siki au maji ya ndimu, ikiwa imechomolewa na imepoa, halafu uisugue polepole. Usikwaruze kwa kisu.

Sheria ninazofuata sasa

Sikununua koili nyingine kwa wiki tatu. Nilikuwa napasha maji kwa gesi. Niliponunua, nilianza upya na masharti, na nakupa bure.

Maji kwanza, koili pili, swichi mwisho. Kutoa ni kinyume: swichi, plagi, ngoja nusu dakika, ndipo uinue. Koili inayotolewa ikiwa bado inawaka inajikausha na kuungua ndani ya sekunde chache, na hivyo ndivyo nyingi hufa. Usiguse maji kupima joto kabla ya kuchomoa. Najua unafanya. Acha.

Koili isiegemee plastiki. Mimi naining'iniza katikati kwa kijiti cha mbao kinacholala juu ya ndoo, na maji yanapita alama ya juu ya koili kila mara. Fyuzi nimebadilisha. Plagi ya koili ya wati 1,000 ina fyuzi ya ampia 5, si 13. Haitaniokoa ndoo ikikauka, hilo tumeshaelewana, lakini itakata mapema waya ukipata hitilafu.

Ekstenisheni ile nyembamba ya kuchajia simu haibebi koili. Na kama huna budi kutumia ekstenisheni nene, ikunjue yote. Waya uliokunjwa kwa roli unajipasha wenyewe, joto la mkunjo wa nje likizuia la ndani lisitoke. Ni shida ile ile: joto lisilo na pa kwenda.

Na ile sheria kubwa: stima ikipotea, mkono wangu unaenda kwa plagi kabla ya kwenda kwa simu. Kabla ya kulaani, kabla ya kuuliza kwa grupu la ploti kama ni sisi peke yetu au ni mtaa mzima. Nachomoa kabisa, si kuzima tu, kwa sababu plagi iliyo sakafuni inaonekana hata gizani.

Nililipa ubao. Nililipa kufuli. Jirani hakutaka nilipe kitu, na hilo lilikuwa zito kuliko bili yoyote. Yule mtoto sasa anatembea. Akipata mlango wangu wazi anaingia moja kwa moja na kwenda kugusa ile ndoo mpya, sijui kwa nini anaipenda.

Mama yake naye ana desturi moja. Kila stima inapopotea asubuhi, kabla sijasikia mtu mwingine yeyote kwa ploti akilalamika, nasikia sauti yake ikipenya zile mbao.

"Kijana wangu, umechomoa?"

"Nimechomoa, mama."

Na wewe je?